Nani Kasema Miti ni ya Wenye Digrii?



Katika toleo lililopita mwenzetu mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa mwenyewe anajijua, aliandika kwamba kijana anayetaka kuwa mwandishi siku hizi ana kazi moja tu, nayo ni kuuandika mji. Mambo ya misitu na mimea, anasema, yana wenyewe. Wapo watu waliokwenda vyuo vikuu kuyasomea, wana digrii zao na nyingine juu yake, tuwaachie. Sisi tukiyagusa tutaishia kuandika insha za darasa la tano, "Faida za Misitu". Na akaongeza, kwa kejeli ile anayoiweza sana, kwamba anayeona uchungu na miti ya kwao aende kwanza akachukue digrii ya miti ndipo arudi kutuhubiria.

Makala hiyo imepigiwa makofi. Hapa Tabora nimeisikia ikisomwa kwa sauti kijiweni na washikaji wakigongana mikono. Mimi nasema ndugu yetu kakosea, tena mara mbili. Kakosea juu ya waandishi, na kakosea juu ya hao wenye digrii. Naanza na wenye digrii, maana mimi nimefanya kazi nao porini na yeye sidhani kama amewahi hata kuwabebea begi.

Mimi ni mkazi wa Itetemia. Kwa wasiopafahamu, leo Itetemia ni kata ya Manispaa ya Tabora, lakini kabla haijawa kata palikuwa na makao ya watemi wa Unyanyembe, enzi zile misafara ya pembe na ya watumwa ilipokuwa ikipita hapa kwenda Ujiji na kurudi Bagamoyo. Nimemaliza kidato cha nne nikaishia hapo. Matokeo yangu ni siri ya mimi na mama yangu. Nina riwaya moja ndani ya kaunta buku nne, na nasukuma siku kwa vibarua. Kibarua kimoja ndicho kilichonipa maneno haya.

Alikuja dada mmoja, mwanafunzi wa shahada ya pili katika ikolojia ya mimea. Chuo chake sikitaji. Alitaka vijana wawili wa kushika kamba na kubeba vifaa kwa wiki tatu, nami nikawa mmojawapo. Kwa asiyejua, ikolojia ni elimu ya jinsi viumbe vinavyoishi pamoja, na mahali vinapoishi: mti na udongo, udongo na mvua, mvua na mchwa, mchwa na mti tena. Ukiisikia hivyo utadhani ni riwaya. Na kwa kweli ni riwaya, ila imeandikwa kwa namba.

Jioni, tukiwa tumekaa mbele ya hema na chai ya rangi, alitusimulia alivyofika huko. Kidato cha tano alichukua fizikia, kemia na baiolojia, kwa sababu kila anayechukua mchepuo huo huambiwa na ukoo mzima kwamba atakuwa daktari. Pointi hazikutosha. Akapangiwa botania, kama mtu anavyopangiwa bweni. Mwaka wa kwanza ulimwendea kwa kulia. Mwaka wa pili wakapelekwa Amani, milima ya Usambara, wakaambiwa wakae chini ya mti mmoja kutwa nzima na kuandika kila kinachougusa: chungu, kuvu, ndege, mwanga, hata upepo. Alisema jioni ile alijiona kama mtu aliyekuwa akipita mbele ya nyumba kwa miaka yote bila kujua kuwa ndani wanaishi watu. Baada ya digrii ya kwanza akafundisha sekondari miaka miwili. Huko aliwakuta wanafunzi wanaojua kuchora seli ya jani na sehemu zake zote kwa Kiingereza, lakini ukiwatoa nje ukawaonyesha mti uliofunika darasa wanasema, "Ni mti tu, mwalimu." Hapo ndipo alipoamua kurudi chuoni. Alitaka aijue miombo sawasawa, kisha awafundishe watu juu ya miombo. Elimu ya mazingira, aliiita.

Basi hiyo ndiyo njia, wenzangu. Mwenzetu anadhani watu hawa walizaliwa na majina ya Kilatini mdomoni. Huyu aliingia kwa mlango wa nyuma, akilia, na kilichomshika kilikuwa kutazama. Kutazama tu! Sasa niambieni kazi ya mwandishi ni ipi?

Na kazi yenyewe ni ya jasho. Tunapiga kamba, tunazunguka duara la mita kumi na tano kutoka kigingi cha katikati, kila mti ndani ya duara unapimwa unene kwa utepe kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, unaandikwa, unapigwa chaki ili usipimwe mara mbili. Visiki navyo vinahesabiwa. Machipukizi kwenye visiki yanahesabiwa. Tawi lenye ua au tunda linakatwa, linalazwa katikati ya magazeti ya zamani, linabanwa kwa mbao mbili na mikanda. (Magazeti yale niliyasoma yote. Kulikuwa na hadithi ya kuendelea ambayo sehemu yake ya mwisho ililaliwa na tawi la mninga, na nilipoomba tawi liinuliwe kidogo dada alinitazama kama ninayetaka kufukua kaburi.)

Dada alijua majina ya Kilatini. Majina ya hapa akahitaji mtu, akaletwa mzee mmoja mrina asali, umri umeshapita sabini. Asubuhi anakuja na "Mwangaluka, mayo," anatangulia mbele, sisi nyuma. Mzee haangalii mti kwa macho peke yake. Anachuna gome kidogo, ananusa, anatafuna, anatema, kisha anasema: huu mtundu, huu mkola, ule mkurungu, na huu ni mninga lakini haujafika. Mtundu anaujua kwa nyuki. Anajua unachanua lini, na asali yake inakuwa ya rangi gani ikilinganishwa na ya miti mingine. Mwezi wa Septemba, mvua bado iko mbali, mtundu hutoa majani mapya mekundu kama damu ya kuku, msitu mzima ukawa kama unaungua pasipo moto. Yale majani mekundu dada aliyajua vitabuni: miombo hutumia akiba iliyo kwenye mizizi na shina kuchipua kabla ya mvua, na ule wekundu huyakinga majani machanga. Mzee aliyajua kwa mizinga yake. Walipokaa wakaambiana, mimi niliyekaa katikati nikaona kitabu kinafunguka pande mbili.

Vilevile uyoga. Akina mama wa huku wanauza uyoga kandokando ya barabara msimu wa mvua, kila mtu anajua. Dada akatueleza kwamba uyoga mwingi wa miombo hauoti ovyo, umeshikamana na mizizi ya mitundu na ndugu zake: kuvu humpa mti maji na madini, mti humpa kuvu sukari. Ukifyeka miti hiyo na uyoga huo nao kwa heri. Mzee akasema, "Ndiyo maana kwenye mashamba ya mikaratusi hatuendi kuchuma." Alilijua jambo siku zote. Sasa kajua na sababu yake.

Lakini siku ninayotaka kuisimulia hasa ni ile ya kiwanja cha kumi na nne. Kwenye ramani ya dada pale paliandikwa kuwa ni msitu wa asili usioguswa. Mzee akasimama, akapiga kichuguu kwa kisigino, akainama akaokota kigae cha chungu. Akaokota na kingine. "Hapa palikuwa na kaya," akasema. "Watu waliondolewa wakati wa malale." Na ni kweli kihistoria. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Unyamwezi kutoka maeneo yao na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya ndorobo na ugonjwa wa malale. Palipokuwa mashamba pakarudi pori, na pori hilo leo linaitwa asili. Dada alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamwomba mzee aonyeshe mipaka ya kaya, tukaanza kupima upya.

Siku hiyohiyo mzee aliuliza:

"Mayo, mti ukishaupima unene, halafu?"

"Halafu tunakadiria una kaboni kiasi gani, babu."

"Na ukishajua?"

"Ninaandika."

"Unamwandikia nani?"

Dada akacheka, lakini hakujibu.

Jibu mimi ninalo, kwa sababu tasnifu ilipokamilika alinitumia nakala kwa basi, Mungu ambariki. Kurasa zaidi ya mia moja, Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Nimeisoma kwa miezi miwili nikiwa na kamusi. Ni kazi nzuri, tena ya mtu mkweli. Kiwanja cha kumi na nne kimepata sentensi moja. Majina ya miti kwa Kinyamwezi yamo yote kwenye jedwali la mwisho, safu ya tatu, na hakuna mahali palipoandikwa yametoka kinywani mwa nani. Kwenye shukrani mzee ni "msaidizi mmoja wa mahali hapo". Alilipwa posho ileile ya mshika kamba. Nakala nyingine iko maktaba ya chuo. Ofisi ya kata hapa haina, shule haina, na mzee hawezi kuisoma hata angepewa kumi.

Nilipomwandikia dada kumuuliza, alijibu bila kuficha. Alitaka kuweka sura moja kwa Kiswahili, akaambiwa na waliomsimamia kwamba haina alama. Sikutaja chuo na sitakitaja. Nina hakika hakiko peke yake.

Sasa rudini kwenye makala ya mwenzetu. "Tuwaachie wenye digrii." Tuwaachie ili iweje? Wao wenyewe wameshikwa! Njia waliyopitishwa inawataka wamwandikie msimamizi, naye anawaandikia wenzake wa ng'ambo. Dada yule alianza safari yake kwa ajili ya watoto waliosema "ni mti tu", na safari hiyohiyo ikamfikisha mahali ambapo watoto wale hawawezi kumsoma. Nani ataijaza nafasi hiyo? Wizara? Mafundi redio?

Na jambo hili si la jana. Mjerumani Richard Böhm alikaa Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1880, akikusanya ndege na mimea, akafia Katanga mwaka 1884. Mmoja wa miti mikubwa ya miombo yetu duniani unaitwa Brachystegia boehmii kwa ajili yake. Misafara ya siku zile ilisimama juu ya mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi, kila mtu anajua, lakini mabega hayaingii katika Kilatini. Akaja Mwingereza Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara ya utafiti wa ndorobo, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938 pamoja na mkubwa wake Swynnerton. Kichaka cha Itigi, ambacho ukienda Dodoma kwa treni unakipita, kina mti uitwao Burttia. Simchukii Burtt. Alitembea sana kwa miguu yake. Ila ndugu zangu wa Itigi, mnauitaje mti huo nyumbani, na riwaya ipi ya Kiswahili imewahi kuutaja?

Mwaka 1935 bwana Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, aliipa dunia neno "katena", yaani mnyororo: kwamba huku kwetu udongo hubadilika kwa utaratibu uleule kutoka mgongo wa kilima mpaka bondeni, na mimea hubadilika pamoja nao. Neno hilo sasa linafundishwa kila pembe ya dunia. Wasukuma, jirani zetu na ndugu zetu, wana majina ya udongo wao tangu juu mpaka chini: luseni, itogolo, ibambasi, mbuga. Mkulima wa Kisukuma anakuambia kwa jina la udongo upande nini na usipande nini. Mnyororo mzima upo kwenye ulimi, na mtoto wake akifika kidato cha tatu anaukariri kwa jina la Kilatini.

Kazi ya kuandika mimea yote ya Afrika Mashariki ilianza kuchapishwa mwaka 1952 na ikakamilika mwaka 2012, chini ya bustani ya Kew, London. Miaka 60, aina zaidi ya 12,000! Naivulia kofia. Tunao pia Watanzania kama Ruffo, Mbuya na Msanga, walioshiriki katika miaka ya 1990 kuandika kitabu cha miti na vichaka vyenye manufaa nchini, na mwaka 2002 Ruffo na wenzake wakatoa kingine cha mimea ya porini inayoliwa. Humo majina ya kwetu yamo, yamepangwa kabila kwa kabila. Ni hazina. Maelezo yake ni ya Kiingereza. Anayekula matonga na ntalali hawezi kusoma yaliyoandikwa juu ya matonga na ntalali.

Atasimama mtu aseme Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Huyo nampeleka moja kwa moja kwenye Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1990. Imetangulia kuzaliwa kabla ya wengi wetu tunaosoma ukurasa huu. Maneno yapo rafu, yanaota vumbi, na sekondari bado tunafundishwa kwa Kiingereza.

Nije kwenye elimu ya mazingira yenyewe, hii ya mabango. Sisi tumekua nayo. "Kata mti, panda mti." Siku ya kupanda miti tunatolewa darasani, anakuja mgeni rasmi, anapanda mche wake mbele ya kamera, anapewa maji ya kunawa, anaondoka. Mche ni mkaratusi. Wiki ya tatu mbuzi keshaumaliza, na mwakani shimo ni lilelile. Hakuna siku hata moja mtu aliyetuambia kwamba miti mingi ya miombo ikikatwa huchipua yenyewe kutoka kwenye kisiki na mizizi, bila mche wala mgeni rasmi, ilimradi usilime pale kila mwaka, moto wa mwisho wa kiangazi usipite kila mwaka, na ng'ombe wapishwe kidogo. Mwanafunzi anayelijua hilo atauliza swali jingine kabisa kwa mwenyekiti wa kijiji. Ndiyo maana, nadhani, bango ni salama zaidi.

Mtaniambia nalaumu tu. Hapana. Shinyanga ilikuwa jangwa mlangoni, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliodumu mpaka 2004. Mwanzoni nao ulikuja na mabustani ya miche. Kilichofanya kazi kikawa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho mvua zikianza ili nyasi na miti ipumzike, ifunguliwe kiangazi kikikaza. Wazee waliulizwa, sungusungu na dagashida wakasimamia, na mamia ya maelfu ya hekta yakarudi kijani. Hiyo ni elimu ya mazingira. Haikuja na fulana.

Sasa zamu ya waandishi. Fungua riwaya zetu za vijana, na za wakubwa zetu pia. Mhusika akitoroka mjini anaingia "msitu mnene". Msitu mnene, basi! Hauna jina la mti hata mmoja, hauna harufu, hujui ni masika ama kiangazi, simba yupo wakati wowote anapohitajika. Lakini bastola ya mpelelezi tunaijua aina na risasi ngapi, gari tunalijua mwaka liliotoka kiwandani. Nawapenda Musiba na Mtobwa, niliwasoma chini ya dawati mpaka nikapigwa, wala siwadai chochote. Naidai meza yetu sisi.

Na kama mnataka ushahidi kwamba haihitaji digrii, yupo Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Miaka 35 mswada ulihangaika, yeye mwenyewe akautia Kiswahili, ukachapwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Mumo humo wamo mume na mke wanaotafuta mtoto, na kwa kuwa wanatafuta mtoto wanatafuta dawa, na kwa kuwa wanatafuta dawa mimea ya Ukerewe imo, pamoja na samaki, kilimo na mvua zake. Hakuiita ikolojia. Aliiandika kwa sababu watu wale wasingeweza kuishi sura hata moja bila mimea hiyo. Mwenzetu angemkuta, angemwambia akachukue digrii kwanza?

Au mnasemaje juu ya Nyerere? Kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949 alikuwa mwalimu hapa hapa Tabora, St. Mary's, na mojawapo ya masomo aliyofundisha ni baiolojia. Mtemi Abdallah Said Fundikira wa hapa Itetemia, aliyekuwa Waziri wa Sheria katika serikali ya kwanza na kujiuzulu mwaka 1963, alisomea kilimo Makerere. Watu waliochezea siasa za nchi hii walianza na jani na udongo. Sisi tunaona haya kuandika jina la mti, eti ushamba.

Kuna pingamizi moja la maana, na nalisikia kila nikifungua mdomo hapa nyumbani: njaa. "Dogo, wewe na miti yako, watoto watakula nini?" Hilo silifanyii mzaha. Mkoa huu unaishi kwa tumbaku, na tumbaku ya mvuke inakaushwa kwenye mabani kwa kuni. Mkaa wa Tabora mjini unatoka kwenye misitu hii. Mjomba wangu ana bani mbili na ada zangu zilitoka humo. Tathmini kubwa ya misitu ya taifa, NAFORMA, iliyotolewa mwaka 2015, ilisema Tanzania Bara ilikuwa ikipoteza karibu hekta 373,000 za msitu kila mwaka. Namba hiyo mjomba ukimsomea anapiga miayo. Namba haina bani ndani yake, haina deni la pembejeo la chama cha msingi, haina usiku wa kulinda moto usizidi tumbaku ikaungua. Mimi nayajua hayo, nimelala kwenye mlango wa bani. Mwenye tasnifu hayajui. Mwenye bango ndiyo kabisa. Riwaya inaweza kumweka mjomba na kisiki na mzee wa asali ndani ya nyumba moja usiku mmoja na kuwaacha wagombane. Chombo gani kingine kinaweza?

Na tusipoandika, wengine huamua. Urambo hapa, mwaka 1947, Waingereza walileta mpango wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea, matrekta yakang'oa miti kabla mtu hajaelewa mvua na udongo wa mahali. Mwaka 1951 wakaufunga, mamilioni ya paundi yakaenda, na Urambo ikageuzwa ya tumbaku. Wenyeji walikuwepo wakitazama. Nani aliandika waliyosema wenyeji wakitazama matrekta yale? Nitafutieni riwaya hiyo. Ningeuza kaunta buku zangu nne niipate.

Kwa wenye digrii nina dai dogo. Kabla hamjavaa joho, acheni kurasa tano za Kiswahili katika ofisi ya kijiji mlikopimia, na jina la mzee liandikwe kwa herufi zake zote, kama yeye mwenyewe ameridhia. Kama hazina alama, basi hazina alama. Andikeni hivyohivyo.

Kwa mhariri: nipe kurasa mbili katika kila toleo. Sizitaki kwa ajili ya insha za "Faida za Misitu". Nataka hadithi ambayo mti mmoja ndani yake una jina, na jina hilo mwandishi kalipata kwa mtu, si kamusini. Wa Songea alete wake, wa Lamu alete mikoko yake, na wa Dar asijidai hana, maana mikungu na mikwaju ipo mpaka Kariakoo.

Mzee wa asali bado yupo, ila macho yanamwacha sasa, anatambua miti kwa kuonja tu. Jumamosi mbili kila mwezi tunakwenda naye mimi na vijana wengine watatu, mmoja wao ni fundi baiskeli. Kufikia mwezi uliopita tulikuwa na majina sitini na tatu, na kila jina lina habari yake. Mwenzetu aliyeandika makala ile namkaribisha. Nauli ya treni nitamchangia, viatu aje navyo, na ile kejeli yake aje nayo pia, mzee anapenda sana watu wa kubishana nao.